Baada ya Fuso

Miaka kumi na tisa nilikaa juu,
kwenye kiti cha Fuso, dagaa wa Kirumba mgongoni,
nikiyatazama mapaa ya magari madogo
kama mtu anayehesabu sufuria zilizoanikwa.
Nilikuwa nikiwaita inzi.
Wanapita kulia, wanachomokea kushoto,
na mimi naiwaza kona ya Buzuruga
tangu nikiwa Nyakato:
punguza, koholesha gia, ngoja mzigo ukubali,
ndipo ukunje.
Lori halikati kona. Lori huomba ruhusa.

Halafu mgongo ukagoma, Fuso ikauzwa,
na pesa iliyobaki baada ya karo na bati
ikatosha kigari cha milango mitatu,
rangi ya chungwa lililosahauliwa juani,
kutoka kwa mwalimu mmoja wa Butimba
aliyenikabidhi funguo akasema,
"Hiki, mzee, usikikanyage. Kifikirie tu."

Wiki ya kwanza niliendelea kuendesha lori.
Kona ya Isamilo niliipanua hadi mtaroni,
mama wa mihogo akasimama na sinia lake:
"Unampisha nani?"
Kweli. Nilikuwa nalipisha tela lisilokuwepo.

Mwezi wa pili mkono ukaelewa.
Usukani ukawa unageuka kabla sijamaliza kuwaza,
na yale majabali ya mlimani, yaliyokuwa kuta,
yakawa milango.
Nikaijua njia ya nyuma ya Bugando
inayopenya kati ya mawe mawili
na kamba ya nguo za mtu.
Nikajua pa kuegesha sokoni,
baina ya mkokoteni na magunia ya mkaa,
pale ambapo zamani ningepaita ufa.
Nikaanza kwenda kununua chumvi Bwiru.
Chumvi ipo, akasema Nkwimba.
Ya Bwiru ina chembe kubwa, nikasema.
Akanitazama,
akafunika sufuria.

Sitasema uongo: niliharibika.
Miaka sitini na moja, kiti cha mjukuu nyuma,
nachomeka pua penye upenyo wa mbuzi,
napita kulia, nachomokea kushoto,
gia ya tatu inaimba kandokando ya ziwa pale Capri Point,
maji yananimulika usoni, nacheka peke yangu.
Trafiki wa Mkuyuni akaniandikia, akauliza kazi.
Dereva mstaafu, nikasema.
Akakiangalia kigari, akaniangalia mimi:
"Mbona hujastaafu?"

Juzi jioni, Mabatini,
nilikata mbele ya lori
nikasikia honi.
Sauti tatu, ya katikati imepasuka kidogo.
Niliinunua Makoroboi mwenyewe, nikaifunga mwenyewe
kwa waya mwekundu kwa sababu mweusi uliisha.
Honi hiyo ilinitangulia Sirari, Kahama, Tunduma,
ikawasema inzi wote wa nchi hii.
Sasa inanisema mimi.

Kwenye kioo naiona pua yake ya bluu, breki zinalia,
kijana kwenye kiti changu amesimama wima juu ya pedali,
na ninaujua uzito anaoushika,
tani saba zinamsukuma kisogoni
kwa ajili ya mzee anayewahi chumvi.

Nikajibanza kati ya jiwe na nguzo ya umeme,
mahali Fuso isingeingia hata kwa dua.
Akapita. Harufu ya dagaa ikaingia dirishani
bila kubisha hodi, kama mtu wa nyumbani.
Nikabonyeza honi yangu kumwomba radhi:
ikatoka pii, ya kifaranga cha bata.
Hakusikia. Kule juu husikii.

Bado napita Isamilo, bado nakata.
Lakini nikiliona lori kwenye kioo, hata likiwa mbali,
mguu wangu wa kushoto
unaanza kuitafuta klachi yake.

Nkwimba amenunua chumvi kilo tano.
Ya chembe kubwa.